Bendera Haifuliwi

Nchi ninayoisimulia haimo katika ramani, na msomaji atakayedhani ameitambua namwomba afunge mdomo, kama tulivyofunga sisi wenyeji wake. Ni nchi nzuri. Ina milima miwili, mto mmoja, wizara hamsini na nne, na bendera. Milima imekaa tu. Mto ulikauka. Wizara zinafanya kama zinavyofanya. Bendera peke yake ndiyo inayokwenda kazini kila siku alfajiri na kurudi magharibi, bila likizo wala kunung'unika.

Historia yake rasmi inafundishwa darasa la tatu. Inasema Mwasisi wa Taifa alisinzia adhuhuri moja gerezani, akaota anga limegawanyika mapande matatu, pande la kijani, pande jeupe na pande jekundu, na katikati ya anga kimesimama kinu. Akaamka analia, akaomba kipande cha mkaa, akaichora ndoto yake ukutani. Ukuta huo upo mpaka leo na wageni hupelekwa kuutazama. Mtoto mmoja wa darasa la tatu aliwahi kuuliza mkaa ulichoraje kijani. Wazazi wake walihamishiwa kituo kingine cha kazi, kila mmoja chake.

Historia isiyo rasmi ni fupi zaidi. Kamati ya Rangi ilikaa hotelini siku tisini, ikala, ikanywa, ikasahau ilichoitiwa. Siku mbili kabla ya uhuru ikamkumbuka fundi cherehani. Fundi akakimbilia duka lililokuwa wazi, akakuta majora matatu: kitambaa cha kijani cha mapazia, bafta nyeupe ya sanda, na bitana nyekundu. Akashona alichokipata. Kinu alikichora kwa kufuatisha kinu cha mkewe kilichokuwa uani, na ndiyo maana kinu cha Taifa kina ufa upande wa kushoto. Wataalamu wamekwisha kuandika vitabu vitatu kuhusu ufa ule.

Rangi zikawa zimepatikana, zikabaki maana. Kwa kazi hiyo iliundwa Wizara ya Rangi na Maana, na kwa kweli haijawahi kukaa bure. Kijani mwanzoni kilikuwa ardhi yetu. Ardhi ilipouzwa, Wizara ilikutana na kijani kikawa matumaini ya ardhi. Nyeupe ni amani, nayo haijabadilishwa kwa kuwa bado haijatumika. Nyekundu ni damu ya mashujaa waliokufa ili sisi tuwe na Wizara. Kinu ni umoja: makabila yote ni nafaka katika kinu kimoja. Walikuwapo wananchi wenye fikra fupi waliouliza, ikiwa sisi ni nafaka, mchi ni nani. Wote walijibiwa. Baadhi yao wanatembea tena, kwa magongo.

Bendera ina sheria yake, vifungu mia mbili na kitu, lakini vitatu vyatosha hapa. Kifungu cha kwanza kinasema bendera haifuliwi, maana kufua ni kukiri kwamba imechafuka, na bendera ya Taifa haiwezi kuchafuka. Ndiyo sababu weupe wa bendera zetu zote una rangi ya chai ya maziwa. Kiofisi ni weupe. Kifungu cha tisa kinasema atakayeichafua bendera ameichafua nchi, na adhabu yake ni kali. Utaona kwamba vifungu hivyo viwili havipatani. Wizara nayo iliona, ikaunda kamati. Kifungu cha arobaini kinasema hakuna maiti atakayezikwa na bendera mwilini isipokuwa Rais aliyefia madarakani. Kwa kuwa marais wetu hawana mazoea ya kufa, kifungu hicho kilikuwa hakijatumika hata mara moja.

*

Katika mtaa wa Kiguuni alikaa dobi mmoja, mjane, jina lake Siwema, na kijana wake wa pekee, Shomari, miaka ishirini na miwili. Siwema alikuwa hodari wa kazi yake. Mashati ya makarani wa wizara saba yalipita mikononi mwake, na alikuwa akijua siri za Serikali kwa kutazama kola tu: nani hulala ofisini, nani halali kwake, nani anatokwa na jasho la hofu, ambalo, alisema, halitoki kwa sabuni ya kawaida.

Tatizo la Shomari lilikuwa moja. Alisoma, akaamini. Watoto wengine walikariri maana za bendera ili wasichapwe. Yeye alizikariri kwa sababu aliziona nzuri. Darasa la saba alishinda mashindano ya taifa ya kuzisema bila kusita, akapewa zawadi ya bendera halisi, yenye muhuri kwenye pindo. Aliitunza sandukuni pamoja na karafuu, kama wazee wanavyotunza nguo ya kwendea mbali.

Mwaka huo mabomba ya Kiguuni yalikaa miezi saba bila tone. Wizara ya Maji ilieleza kuwa maji yapo, ila hayajaamua. Watu wakakubaliana waende wizarani asubuhi, kwa amani, kila mmoja na ndoo yake tupu, wakaulize yataamua lini. Shomari akaitoa bendera sandukuni, akaifunga mabegani kama mgolole.

Mama yake alimwomba aiache. Alimwambia kitu cha thamani hakipelekwi kwenye msongamano.

"Mama, bendera haipigwi risasi," Shomari akasema. "Ni sheria. Kifungu cha kumi na tisa."

"Na askari wamekisoma hicho kifungu?"

"Wamekisoma, mama. Wote wanafanya mtihani ule ule."

Katika hilo kijana hakukosea hata kidogo. Askari walikuwa wamekisoma. Ndoo zilipofika mbele ya Wizara ya Maji, mkuu wa kikosi alimwona aliyetangulia amevaa Taifa, na kwa muda wa dakika ishirini hakuthubutu kutoa amri, kwa kuwa alikuwa na watoto wa kusomesha. Akapiga simu. Akaulizwa bendera inaishia wapi. Akajibu kwamba inaishia begani. Akaulizwa kama juu ya bega hapana kitu. Shomari wakati huo alikuwa amewageukia wenzake kuwaomba wasisukumane.

Taarifa ya kikosi ninayo akilini, neno kwa neno, kwa sababu ilisomwa redioni kama mfano wa nidhamu: "Risasi ilipita vidole viwili juu ya pindo, bila kugusa hata uzi mmoja wa Taifa." Aliyeifyatua alipewa nishani ya Mlinzi wa Bendera. Lakini damu haikusoma sheria. Ilitelemka ilivyotaka, ikaruka kijani, ikajimwaga kwenye nyeupe. Jioni ile ile marehemu alishtakiwa kwa kuichafua bendera. Alisomewa shitaka, akaulizwa kama anakubali au anakanusha. Hakusema kitu. Karani aliandika: mshitakiwa ana kiburi.

*

Ni lazima nieleze desturi moja ya nchi yetu, maana bila hiyo hutaelewa Siwema alikuwa anadai nini.

Kwetu sisi, wa kila dini, maiti hafukiwi mpaka ajuzwe. Mwili ukishateremshwa, kabla ya udongo, mtu wake wa karibu huinama ukingoni mwa kaburi, humwita kwa jina, humweleza kilichomuua. Anayekufa, wanasema, huondoka kwa haraka, hana nafasi ya kuona kilichompata. Asipoambiwa, hubaki akigonga milango ya watu akiuliza. Waliohudhuria hujibu kwa pamoja, "Tumesikia," na neno hilo ndilo ushahidi. Hapo ndipo udongo humwagwa, na hapo ndipo watu hulia. Kabla ya hapo hairuhusiwi kumlilia, kwa kuwa maiti akisikia kilio kabla hajajua kilichotokea, hushtuka. Watoto hupewa vitambaa waviume.

Siwema hakudai fidia. Hakudai askari akamatwe. Alijua anakaa nchi gani. Alitaka kumzika mwanawe na kumjuza kwa mdomo wake mwenyewe. Basi.

Alikwenda chumba cha maiti siku ya pili yake. Mlinzi wa pale alikuwa Mzee Lihumbo, mtu mpole, aliyezoea kusema polepole kama anayechelea kumwamsha mtu.

"Mama, nikwambie ukweli, humu sina mwanao. Nina kielelezo."

"Kielelezo gani, baba?"

"Cha kesi. Kielelezo namba nne. Namba moja mpaka tatu ni ndoo."

"Basi naomba hicho namba nne nikakizike."

Lihumbo alimweleza hali ilivyokuwa. Damu ilikuwa imekaukia kwenye bendera, na bendera imegandamana na mgongo. Haibanduki bila kuloweshwa, na kuilowesha ni kuifua, kifungu cha kwanza. Kumzika nayo ni kosa, kifungu cha arobaini. Kumwacha hapo hakuvunji kifungu chochote. Aliyasema hayo huku anatazama sakafu. Halafu, kinyume cha sheria, akamfungulia mlango amwone. Siwema aliingia. Hakulia. Alitazama kitambaa, kama dobi yeyote atakavyokitazama, akatoka.

*

Siku kumi alikaa kwenye benchi la Wizara ya Rangi na Maana kabla hajaitwa ndani. Waziri alikuwa Mheshimiwa Daktari Profesa Luteni Kanali Mstaafu Kindamba Ngwale, na majina hayo yote yalikuwa mezani pake kwenye kibao kirefu kilichohitaji meza ya pili. Kulia kwake walikaa wataalamu watano wa rangi. Alikohoa, akasimama, ijapokuwa wasikilizaji wake walikuwa mwanamke mmoja na kiti.

"Ndugu mfiwa mtarajiwa," akaanza, kwa sababu cheti cha kifo kilikuwa bado, na mtu hafiwi bila cheti. "Serikali yako sikivu imelitafakari suala hili kwa upana wake, kwa urefu wake na kwa kimo chake."

Akasema kwa saa nzima. Kwa ufupi, Wizara ilikuwa imekwama kwenye swali la kitaalamu: ile damu ni damu ya namna gani? Ikiwa ni damu ya shujaa, mahali pake katika bendera panajulikana, ni mstari wa tatu, mwekundu. Basi iliacha kituo chake cha kazi kwa ruhusa ya nani ikaenda kwenye mstari wa amani? Ikiwa si ya shujaa, ni uchafu. Wataalamu watatu walisema shujaa mzembe. Wawili walisema uchafu. Mama wa mshitakiwa ana maoni?

Siwema alisema yeye ni dobi, hajui mashujaa. Anajua damu.

"Mheshimiwa, damu mbichi hutoka kwa maji baridi na chumvi. Mngeniita siku ile ile ningeitoa, hata alama msingeiona. Mmeiacha siku kumi na moja. Sasa si doa tena. Imekwisha kuwa rangi."

Wataalamu wakatazamana. Waziri akaketi. Neno lile lilimgusa mahali pake pa kazi.

"Rangi ipi?"

"Hudhurungi."

"Hudhurungi haimo katika bendera yetu."

"Sasa imo," Siwema akasema.

Kikao kikaahirishwa.

*

Kikaahirishwa tena, na tena. Wizara ilituma barua kwenye Wizara ya Sheria, Wizara ya Sheria ikaipeleka Wizara ya Mila, Wizara ya Mila ikauliza kama marehemu alikuwa amelipia kibali cha kuwa marehemu. Kila asubuhi Siwema alipita chumba cha maiti, Lihumbo akatikisa kichwa, naye Siwema akaendelea na njia yake ya benchini. Majirani walikuja jioni kukaa naye. Walikaa kimya, kama desturi inavyotaka, vitambaa midomoni. Kuna jirani, Bi Hanuni, mwenye ulimi wa upupu, aliyesema kuwa hii ndiyo nchi pekee duniani ambamo mtu hukaa foleni hata akishakufa, na wanawake wakacheka chini chini, kisha wakanyamaza, kwa sababu kucheka kunafungua mlango wa kulia.

Siku ya arobaini na moja umeme ulikatika hospitalini. Lihumbo mwenyewe alikuja Kiguuni kwa miguu. Alimwambia Siwema ana siku mbili, zisizidi.

Siku hiyo hiyo Serikali nayo ilikuwa na haraka zake. Wiki iliyofuata ilikuwa Jubilei ya Miaka Hamsini ya Bendera, mabalozi wamealikwa, na balozi mmoja alikuwa ameuliza kwa adabu ile habari ya kijana asiyezikwa. Ndipo Mwanasheria Mkuu, mtu mwenye akili nyingi na usingizi mzuri, akaja na ufumbuzi.

Sheria inasema anayeruhusiwa kuzikwa na bendera ni Rais aliyefia madarakani. Haisemi ni lazima awe hai anapoingia madarakani. Basi Shomari aapishwe. Akishaapishwa atakuwa Rais, na Rais hashitakiwi, kesi imekwisha. Kwa kuwa ameshakufa, atakuwa amefia madarakani, azikwe na bendera yake, vifungu vyote vimetimia. Baraza la Mawaziri lilipiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Aliyesita ni Rais mwenyewe, Mtukufu Mlezi, kwa kuwa ilibidi akiachie kiti. Mwanasheria alipendekeza siku moja. Mtukufu akasema siku moja nchi itayumba. Wakashuka mpaka saa moja, wakashuka mpaka nusu saa, wakafikia dakika kumi na moja, kwa sharti kwamba muda wote Mtukufu akishike kiti kwa mkono mmoja.

Siwema akaletewa karatasi aiwekee saini. Ilisema kwamba anaridhia mwanawe awe Rais, na kwamba Mtukufu Rais Shomari wa Kwanza alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi, maana hairuhusiwi kuandika popote kwamba Rais wa nchi yetu ameuawa na askari wa nchi yetu.

"Na nani atamjuza?" Siwema akauliza.

"Rais hujuzwa na Waziri, mama. Ni itifaki."

"Mimi ndiye niliyemzaa."

"Hilo limezingatiwa," Mwanasheria akasema, akamsogezea kalamu. Akamweleza, kwa upole kabisa, kwamba akikataa, kijana atabaki kuwa kielelezo, na umeme haujarudi.

Siwema aliomba kitu kimoja badala yake: amwoshe. Wakajadiliana, wakamruhusu sehemu zilizo nje ya bendera. Akaweka saini. Lihumbo, aliyekuwa shahidi, alisema baadaye kwamba Siwema alikuwa ameuma leso yake mpaka imetoboka.

*

Aliapishwa siku ya arobaini na tatu, saa tatu asubuhi, palepale chumba cha maiti, Jaji Mkuu akiwa na karafuu puani. Alisomewa kiapo, akaulizwa kama anakubali. Hakusema kitu. Karani yule yule aliandika: ameridhia.

Dakika kumi na moja za Rais Shomari wa Kwanza zimo katika vitabu. Katika dakika hizo hakuna aliyekamatwa. Hakuna bei iliyopanda. Hakuna waziri aliyehutubia, hakuna ardhi iliyouzwa, hakuna mwanafunzi aliyechapwa. Wanahistoria wetu, kwa sauti ya chini, wanaziita Enzi Njema.

Siwema alizitumia kumwosha uso na miguu. Maji ya bomba hayakuwapo, kwa hiyo Ikulu ilitoa chupa mbili za maji ya kunywa. Alimwosha nyuma ya masikio, kama alivyokuwa akimwosha alipokuwa mdogo na mkaidi. Alimsafisha kucha za miguu, ambazo bado zilikuwa na vumbi la njia ya wizarani. Hakumjuza. Kumjuza mtu bila mashahidi ni sawa na kutomjuza. Alimwambia tu, karibu kabisa na sikio, "Ngoja kidogo, baba. Hatujafika."

Kisha Mtukufu Mlezi akarudi kwenye kiti ambacho hakuwa amekiacha, na maombolezo ya kitaifa yakatangazwa.

*

Makaburi ya Marais ni uwanja mpana wenye nyasi za kukodi. Ulikuwa mtupu tangu uhuru. Shomari ndiye mkaazi wake wa kwanza. Kwa kuwa yalikuwa mazishi ya Rais, mbele walikaa mabalozi, nyuma yao mawaziri, nyuma yao wake wa mawaziri kwa mpangilio wa umri wa ndoa, kisha bendi ya jeshi, kisha kamba. Nyuma ya kamba walisimama wananchi. Siwema alikuwa nyuma ya kamba. Afisa mmoja alikuwa ametafuta katika kitabu cha itifaki, hakuona kiti cha dobi.

Kiguuni yote ilikuwapo. Walikuja na vitambaa vyao midomoni.

Mwili uliteremshwa, na bendera ikiwa mabegani. Mizinga ikapigwa mara ishirini na moja. Waziri Ngwale akasogea ukingoni, akafungua karatasi.

"Ewe Mtukufu Rais Shomari wa Kwanza," akasema kwenye kipaza sauti, "Taifa linakujuza ya kwamba ulitutoka ghafla, baada ya kuugua kwa muda mfupi, ukiwa umezungukwa na vyombo vya usalama vilivyokupenda."

Katika ratiba iliyochapishwa, kipengele cha kumi na nne kilisomeka hivi: Wananchi watasema, Tumesikia.

Hakuna aliyesema.

Waziri akadhani kipaza sauti kimekufa. Akakigonga, kikagongeka. Akasoma tena kwa nguvu zaidi. Mabalozi wakatazama ratiba zao. Watu elfu kadhaa walisimama nyuma ya kamba na walikuwa wakipumua tu. Akasoma mara ya tatu, safari hii taratibu, kama anayemsomea mtoto, na sauti yake ikaenda mpaka ukuta wa mbali, ikarudi peke yake.

Wanajeshi wenye sepetu walikuwa wamesimama kando ya udongo. Nao ni watoto wa nchi yetu. Wana mama zao. Hakuna aliyeinua sepetu. Maiti hafukiwi mpaka ajuzwe, na hajawa amejuzwa mpaka watu waseme wamesikia, na watu hawakuwa wamesikia kitu.

Siwema akainua kamba, akapita chini yake. Hakukimbia. Afisa wa itifaki alinyoosha mkono, kisha akautazama mkono wake, akaurudisha. Mwanamke yule akapita kati ya wake wa mawaziri, kati ya mawaziri, kati ya mabalozi. Akafika ukingoni, akamwomba Waziri apishe kidogo. Waziri akapisha, ni mtu aliyelelewa vizuri. Siwema akapiga magoti. Hakutumia kipaza sauti, lakini kilikuwa karibu, na hakuna aliyekumbuka kukizima.

"Shomari. Ni mama yako." Akainama ukingoni. "Hukuugua, baba. Ulikwenda kuuliza habari ya maji. Uliwageukia wenzako kuwaambia wasisukumane, ukapigwa risasi ya shingo, kwa nyuma. Aliyekupiga ni askari. Aliambiwa asiitoboe bendera, hakuitoboa. Hukukosa adabu. Hukuvunja sheria yoyote. Sasa umejua. Nenda, mwanangu, usigonge mlango wa mtu."

"Tumesikia," wakasema watu.

Walisema kwa sauti ya kawaida, lakini walikuwa wengi. Kwenye safu ya bendi na safu ya sepetu midomo kadhaa pia ilionekana ikitikisika. Siwema akaketi kwenye udongo mbichi, akanyoosha miguu, akaitupa leso yake, akalia. Alikuwa na kilio cha siku arobaini na tatu, na alikitoa chote mbele ya mabalozi.

Mkuu wa usalama aligeuka kuwapungia vijana wake waje wamwondoe. Lakini mkuu wa bendi, mzee mwenye masharubu meupe, alikuwa na ratiba mbele yake, na kipengele cha kumi na tano, baada ya Tumesikia, ni wimbo wa taifa. Akainua fimbo yake.

Ni lazima niseme kwamba wimbo wa taifa nao una sheria. Ukipigwa, kila mtu husimama wima, mikono ubavuni, na hatikisiki mpaka uishe. Atakayepiga hata hatua moja, cheo chake chochote kile, anakwenda jela. Basi mkuu wa usalama akasimama wima. Vijana wake wakasimama wima, mmoja na mguu hewani. Mawaziri, mabalozi, Mtukufu Mlezi kwenye jukwaa, wote wakasimama kama nguzo, na katikati yao mwanamke mmoja amekaa chini analia, na hapakuwa na mtu aliyeruhusiwa kumgusa.

Wimbo wetu una beti sita. Wa sita ulipokwisha, mkuu wa bendi alitazama chini, akamwona Siwema bado hajamaliza. Akageuza karatasi zake za muziki kwa utaratibu, akainua fimbo, akaanza tena ubeti wa kwanza.